Nani atagharamia jalada la tenzi zetu?

Mwaka 1762 kilitoka mjini Paris kitabu cha juzuu mbili ambacho wauzaji wa vitabu vya kale wanakitafuta mpaka leo. Ni hekaya za Jean de La Fontaine zilizotungwa kwa mashairi, Contes et nouvelles en vers. Ukurasa wa jina unadai kwamba kilichapwa Amsterdam, ingawa mchapaji wake, Barbou, alikuwa Paris. Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu. Hekaya hizo za wake wenye hila, waume wanaochezewa shere na watawa wasiojizuia ziliwahi kukosana na dola: polisi walipiga marufuku sehemu yake moja mwaka 1675, na mwaka 1693 La Fontaine mwenyewe, akiwa mzee na mgonjwa, alizikana. Karibu miaka 70 baadaye, kampuni ya matajiri waliokodi kwa mfalme haki ya kukusanya ushuru wa chumvi na tumbaku iliamua kuzigharamia. Walimlipa Charles Eisen achore picha zipatazo 80, wakawalipa mafundi wa kuzichonga kwenye mabamba ya shaba, wakamlipa Pierre-Philippe Choffard apambe mianzo na miisho ya hekaya, na mwanafalsafa Diderot akaandika maelezo mafupi ya maisha ya mshairi. Toleo hilo linaitwa hadi leo kwa jina la waliolilipia, yaani toleo la wakusanya kodi wakuu.

Wakati huo mchapaji aliuza karatasi zilizokunjwa tu, na mnunuzi ndiye aliyezipeleka kwa mjalidi. Kwa hiyo jalada la kila nakala lilitegemea mfuko na mapenzi ya mwenye kitabu. Nakala zinazoheshimiwa zaidi zimejalidiwa kwa ngozi ya mbuzi iliyotiwa rangi nyekundu, na baadhi zilipita mikononi mwa Nicolas-Denis Derome, mmoja wa wajalidi mashuhuri wa Paris. Kazi yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu. Karatasi zilikunjwa mafungu mafungu, kila fungu likashonwa kwa uzi kupitia katikati ya mkunjo wake, na uzi huo ukazungushwa kwenye kamba zilizokingama mgongo wa kitabu. Ncha za kamba zilipenyezwa kwenye matundu ya gamba gumu la mbele na la nyuma. Ngozi ilipunguzwa unene kwa kisu kwenye kingo zake, ikapakwa gundi ya unga wa ngano, ikavutwa na kubanwa mpaka kamba zile zikajitokeza mgongoni kama matuta. Kisha mjalidi alipaka ute wa yai, akatandika dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi, akaikandamiza kwa mihuri ya shaba iliyopashwa moto. Panapokosekana mhuri wa moto dhahabu hupanguswa kwa kitambaa, panapoguswa hubaki. Kitabu cha namna hiyo kinashikiliwa na uzi na kamba kabla ya kushikiliwa na gundi, na ndiyo sababu baada ya zaidi ya miaka 260 bado kinafunguka bila karatasi kuchomoka.

Msomaji wa Musoma au Bunda ana haki ya kuuliza vitabu vya matajiri wa Ufaransa vinamhusu nini. Vinamhusu kwa sababu vinatuonyesha jambo ambalo sisi wenye fasihi kubwa ya hadithi za kishairi tumelipuuza. Si kila kilicho bora ndicho kinachosalia. Kinachosalia, kwa kiasi kikubwa, ni kile ambacho mtu fulani alikubali kukilipia karatasi, wino, uzi na jalada. Hekaya za La Fontaine zilikataliwa na polisi na zikakanwa na mtunzi wake, lakini zilipata watu wa kuzilipia, kwanza kwa matoleo ya kawaida, kisha kwa toleo hili la fahari. Tenzi za Kiswahili hazikuwahi kukanwa na watunzi wake. Zilisimulia maisha ya mitume, vita, mashujaa na maasi dhidi ya wakoloni. Hata hivyo, kila tunapofuatilia jinsi zilivyotufikia, tunamkuta mtu aliyefungua mfuko, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 mtu huyo mara nyingi sana alikuwa mgeni. Naamini kwamba uamuzi huo umekaa mikononi mwa wengine kwa muda mrefu mno, na kwamba mkoa wa Mara una sababu nzuri kuliko mikoa mingi ya kuanza kuurudisha nyumbani.

Tuanze na ushahidi wa pwani. Chuo cha Herekali, ambacho wengi wanakijua kama Utendi wa Tambuka, kiliandikwa Pate mwaka 1728, miaka 34 kabla ya toleo lile la Paris. Mwengo bin Athumani alikitunga kwa agizo la mfalme wa Pate, na ndani yake anasimulia vita vya Waislamu na jeshi la Heraklio wa Rumi kwa zaidi ya beti 1,000. Hapo tayari kuna mfadhili, kuna mtunzi, kuna mwandishi wa khati. Jirani na mji huo, Siyu, palikuwa na mafundi walionakili misahafu kwa wino wa rangi na mapambo, katika mji uliosifika pia kwa ufundi wa ngozi. Ina maana kwamba katika karne ileile ambayo Derome alikuwa akipashia moto mihuri yake Paris, visiwa vya Lamu vilikuwa na watu waliojua kwamba maneno yenye thamani hustahili umbo lenye thamani. Anayedhani kwamba kitabu kizuri ni desturi ya kigeni iliyoletwa na misheni hajatazama misahafu ya Siyu.

Kisha tazama kilichotokea baadaye. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki 1945, alikuwa mshairi, mchonga milango, mwanamuziki na bingwa wa khati. Utendi wa Fumo Liyongo alioutia kalamu mwaka 1913 ndio uliotupatia hadithi ya shujaa huyo kama inavyosomwa zaidi leo. Lakini ni nani waliomlipa Kijuma anakili? Alice Werner, Mwingereza, aliyefika pwani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. William Hichens, Mwingereza mwingine. Ernst Dammann, Mjerumani, aliyefanya kazi Lamu katika miaka ya 1930. Kijuma aliwaandikia kwa mwandiko uliopangiliwa na kupambwa, na leo sehemu kubwa ya kazi hiyo iko London na Ujerumani. Hichens na Werner ndio pia waliotoa utendi wa Mwana Kupona mwaka 1934 kupitia Azania Press, kampuni ndogo iliyokuwa Medstead, Uingereza. Mwana Kupona aliutunga utendi ule kwa ajili ya binti yake mwaka 1858. Kwa hiyo wosia wa mama Mswahili kwa mwanawe ulipata toleo lake la heshima katika kijiji cha Waingereza.

Siwalaumu watu hao. Bila wao tungekuwa maskini zaidi. Wala si kweli kwamba nyumbani hapakuwa na watunzaji, maana familia nyingi za pwani, na hasa wanawake, zilihifadhi miswada ndani ya masanduku kwa vizazi na kuisoma kwa sauti nyakati za ibada na maombolezo. J.W.T. Allen alipozunguka mwambao akikusanya tenzi, alizozipata alizipata kwa watu hao, na mkusanyiko wake uko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini orodha ya mkusanyiko huo ilichapwa mwaka 1970 na kampuni ya Brill ya Leiden, Uholanzi. Hali ni ileile tena: mali ni yetu, mtunzaji wa kwanza ni wetu, lakini fedha ya kuifanya mali hiyo iwe kitabu inatoka mbali. Na anayetoa fedha ndiye anayechagua. Huchagua utenzi upi utoke na upi ubaki sandukuni, utoke kwa hati gani, kwa lugha gani ya maelezo, na uuzwe kwa bei ya nani.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa tuna ushahidi mchungu zaidi. Ukitoka Bunda ukafika Kisorya, ukavuka kwa kivuko, unaingia Ukerewe, kisiwa cha Aniceti Kitereza. Kitabu chake si cha mashairi, lakini hakuna kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi kama chake. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Mapadre walimsifu. Mmoja wao, Padre Almas Simard kutoka Kanada, alijaribu kuitafutia njia kwa Kifaransa, haikufika mbali. Wachapishaji hawakuona soko la kitabu cha Kikerewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili Wamarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walifika kisiwani, wakaukuta mswada, na Kitereza, akiwa amepita miaka 70, akaanza kuutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980 kwa juzuu mbili. Kitereza alifariki Aprili 1981 kabla nakala hazijamfikia. Miaka 35 mswada ulikaa bila kuwa kitabu, na hakuna mtu anayeweza kusema kwamba sababu ilikuwa upungufu wa ubora, kwa kuwa baadaye hadithi hiyohiyo ilitafsiriwa kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa. Kilichokosekana ni mtu wa kulipa.

Sasa twende Butiama. Watanzania wengi wanajua kwamba Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya Kaizari iliyotoka kwanza mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969. Wachache zaidi wanajua kazi yake kubwa ya ushairi. Baada ya kustaafu, mtoto huyu wa Chifu Burito wa Wazanaki aliziweka Injili zote nne, pamoja na Matendo ya Mitume, katika bahari ya utenzi, kwa beti za mistari minne na mizani nane nane, kwa umbo lilelile alilotumia Mwengo wa Pate. Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walizichapa mwaka 1996, vitabu vitano. Hilo ni tukio la pekee katika historia ya ushairi wetu. Umbo lililokuzwa na masheikh wa pwani kwa ajili ya kusimulia maisha ya Mtume lilichukuliwa na Mkatoliki wa bara, mzawa wa Butiama, likasimulia maisha ya Yesu. Ukitaka uthibitisho kwamba Kiswahili ni mali ya wote, huna haja ya hotuba, unao hapo. Na hekaya za La Fontaine, nyingi zikiwa zimechukuliwa kwa Boccaccio na Ariosto wa Italia, nazo zilikuwa kazi ya mtu aliyepokea visa vya wengine akavitia katika mizani ya lugha yake. Tofauti ni kwamba yeye alipata Eisen, Choffard na Derome.

Naamini tenzi za Mwalimu zinastahili toleo la namna hiyo, lakini yapo mapingamizi. La kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, linatoka kwa Mwalimu mwenyewe. Aliishi maisha ya kiasi, aliandika Azimio la Arusha mwaka 1967, na alipinga viongozi kujilimbikizia. Je, ni heshima kumtolea mtu huyo kitabu cha ngozi na dhahabu, wakati wapo wanafunzi wa kata ya Buswahili na nyingine za Mara wanaohitaji madawati na vitabu vya kiada? Na zaidi ya hapo, toleo lile la Paris lililipwa kwa fedha ya nani? Kwa ushuru wa chumvi, kodi iliyochukiwa na maskini wa Ufaransa kuliko nyingine. Wakulima walilipia picha ambazo hawakuwahi kuziona. Mapinduzi yalipofika, mfumo wa kukodisha kodi ulifutwa, na Mei 8, 1794 zaidi ya wakusanya kodi wakuu 20, mwanakemia Lavoisier akiwa miongoni mwao, walikatwa vichwa. Anayetuletea kitabu hicho kama mfano wa kuigwa lazima akubali damu na chumvi iliyomo.

Nayakubali yote mawili. Lakini tufuatilie vitabu vyenyewe vilikwenda wapi. Mwishoni mwa mwaka 1789 mali za Kanisa la Ufaransa zilitaifishwa, kisha zikafuata mali za makabaila waliokimbia nchi, zikiwemo maktaba zao. Vitabu vingi mno viliingia katika maktaba za umma za miji, na vingine bado vipo humo, mtu yeyote anaweza kuomba kuviona. Kitabu kilichotengenezwa kwa ajili ya tajiri mmoja kiliweza kuwa mali ya umma kwa sababu kilitengenezwa kidumu kumpita tajiri huyo. Kwa hiyo ubaya ulikuwa katika ushuru na katika umiliki, haukuwa katika uzi, ngozi wala ustadi wa fundi. Nchi inayotaka usawa haina sababu ya kuchapa vibaya. Ina sababu ya kuhakikisha kwamba kilichochapwa vizuri kinakaa mahali pa wote. Mwalimu huyo aliyekataa anasa ndiye aliyefungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, Desemba 1967, mwaka uleule wa Azimio. Hakuona kwamba jengo imara la vitabu linapingana na kujitegemea.

Hata kwa hesabu ya senti, kitabu dhaifu si rahisi. Vitabu vyetu vingi hukatwa mgongo, vikapakwa gundi ya moto, vikagandishwa kwenye karatasi nene. Havina uzi hata mmoja. Gundi hiyo ikizeeka hukauka, ikikauka hupasuka, na kitabu kikishafunguliwa kwa nguvu mara kadhaa juu ya dawati, kurasa za katikati huanza kutoka moja moja. Karatasi ya bei nafuu ya mti, yenye asidi ndani yake, hugeuka rangi ya majani makavu na kuvunjika kwenye kona. Ongeza unyevu wa ziwani, mende wanaopenda gundi na mchwa wasiochagua, na maktaba ya shule inalazimika kununua kitabu kilekile tena na tena, au, kama inavyotokea zaidi, inabaki bila. Sisemi kwamba kila nakala ya mwanafunzi ishonwe na kuvikwa ngozi. Nakala za bei nafuu ziendelee kutoka kwa wingi kadiri inavyowezekana. Nasema kila kazi kubwa ya lugha hii iwe na angalau toleo moja lisilokufa, ambalo nakala za bei nafuu za baadaye zitachukuliwa humo.

Pingamizi la pili husema kwamba utenzi ni mali ya sauti. Huimbwa, hughaniwa, na uhai wake uko kifuani mwa mtu. Watu wa Mara, wenye litungu la Wakurya na masimulizi marefu ya koo, hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Ni kweli, na aliyewahi kusikia utenzi ukighaniwa anajua kwamba ukurasa hauwezi kutoa yote. Lakini kumbukumbu ya kifua inahitaji mnyororo wa watu usiokatika, na mnyororo wetu umekatika mara nyingi, kwa utumwa, kwa vita, kwa kuhama, kwa shule iliyomfundisha mtoto kuona aibu kwa nyimbo za bibi yake. Nyimbo za Liyongo ziliishi midomoni kwa karne nyingi. Tunazijua sisi wa bara kwa sababu watu wenye kalamu walikaa kitako wakaziandika. Isitoshe, tenzi za Nyerere zilianza kwenye karatasi. Tukizipoteza kwenye karatasi, hakuna bibi wa kumwendea.

La tatu ni la vijana, nalo lina uzito: kwa nini ngozi, wakati simu inaweza kubeba maktaba nzima? Miswada ya Kiswahili iliyoko London imeanza kuonekana mtandaoni, na hiyo ni baraka kwa mtafiti wa Musoma asiye na nauli ya ndege. Ingawa hivyo, picha ya mswada haikupigwa hewani. Ilipigwa kwa mswada uliosalia, nao ulisalia kwa sababu mlipaji aliutunza. Faili nalo lina gharama yake ya kila mwaka, ya umeme, ya mitambo, ya watu wa kulihamisha kila teknolojia inapobadilika, na siku bajeti hiyo inapokatwa, faili hutoweka bila hata kuacha vumbi. Kitabu kilichoshonwa kikisahauliwa rafuni miaka 50 kitakuwa kinangoja. Tunahitaji vyote viwili, na kile kinachongoja ndicho tunachokosa.

Wapo watakaosema hatuna ufundi. Hili ndilo dogo kuliko yote. Fundi wa kujalidi yuko katika kila mji wenye chuo kikuu: wanafunzi wanaomaliza shahada za juu hupeleka tasnifu zao zikawekewa jalada gumu, na jina na mwaka vikapigwa mgongoni kwa herufi za dhahabu. Madaftari makubwa ya ofisi za umma nayo yamejalidiwa kwa kitambaa kigumu kwa miongo mingi. Tumekuwa tukitoa jalada la heshima kwa tasnifu ambazo wengi hawatazisoma na kwa orodha za ushuru, huku watunzi wetu wakuu tukiwaachia gundi. Malighafi iko karibu zaidi ya ufundi. Mbuzi na ng'ombe wa Mara hawahitaji kutajwa. Ngozi nyekundu iliyopendwa na wajalidi wa Ulaya kwa karne nyingi ilitegemea mbuzi wa Afrika, wakiwemo wale wa Sokoto, Nigeria ya kaskazini. Magome ya miwati ya Njombe, ambako kampuni ya miwati ilianzishwa mwaka 1949, yamekuwa yakitoa dawa ya kusindikia ngozi kwa miongo mingi. Pamba, ambayo hufanya karatasi ya kudumu na kitambaa cha jalada, inalimwa Bunda. Kinachobaki ni uamuzi.

Basi ombi langu ni hili, na ninalielekeza kwa uongozi wa mkoa wa Mara, kwa Makumbusho ya Taifa inayosimamia makumbusho ya Mwalimu iliyofunguliwa Butiama mwaka 1999, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa wafanyabiashara wazawa wa mkoa huu walioko Mwanza, Dar es Salaam na ughaibuni. Tenzi tano za Nyerere zikusanywe katika toleo moja lililohaririwa kwa makini, kwenye karatasi isiyo na asidi, lishonwe kwa uzi, livikwe ngozi ya mbuzi iliyosindikwa nchini, na wachoraji wetu walipwe kuchora kama Eisen alivyolipwa. Haki za utunzi bado zinalindwa, kwa hiyo familia na wachapishaji wa awali waridhie kwanza na wanufaike. Nakala zisiwe nyingi. Moja ikae Butiama, moja maktaba ya umma Musoma, moja Bunda, moja Maktaba Kuu ya Taifa, na moja ipelekwe Lamu, kwa kuwa deni la umbo hilo tunadaiwa na visiwa vile. Sambamba nazo litoke toleo la bei nafuu kwa kila sekondari ya mkoa, lenye matini ileile iliyosahihishwa. Kazi hiyo ikiisha, zamu ifuate ya Kitereza kwa Kikerewe alichokiandika, kisha utenzi wa Hemedi bin Abdallah wa Tanga juu ya vita vya Wadachi. Mwaka 2026 unatimiza miaka 30 tangu tenzi za Mwalimu zichapwe, umri ambao gundi nyingi huwa zimeshachoka. Mwenye nakala za mwaka 1996 azitoe kwenye sanduku, azikague, na asiziache zipotee kabla toleo jipya halijapatikana.